Kamera ya Kumpigia Bibi Kitambaa

Kijiwe chetu kiko nje ya saluni yangu ya kunyolea: benchi moja, birika la kahawa na midomo isiyopumzika. Yupo Flashi, mpiga picha wa harusi, anayetembea na kamera shingoni hata akienda chooni. Yupo Breki, fundi baiskeli, mtu asiyejua kusema "sijui". Mimi ni kinyozi, na mdomo wangu nao haufungiki. Alhamisi hiyo asubuhi akaja Mama Uzi, mshonaji wa mlango wa pili, kamkumbatia mwanasesere wake, Bibi Kitambaa, macho yamemvimba kwa kulia. Watu wa televisheni walikuwa wamemrudishia filamu ya watoto aliyoitengeneza kwa huyo mwanasesere.

— Wanasema picha zinapepesa, akasema. Bibi akipiga hatua moja chumba kinang'aa, ya pili kinafifia. Wamenipa hadi kesho jioni. Nikishindwa, nafasi anapewa mwingine.

— Ulipiga na kamera gani? akauliza Flashi.

— Simu yangu.

— Simu! Jamani! Chukua hii yangu mpya. Inapiga picha ishirini kwa sekunde. Nzi akiruka, unahesabu mbawa.

— Nzi ana mbawa mbili, Flashi, nikamwambia. Hilo halihitaji kamera.

Breki akaweka kikombe chini.

— Nyinyi wote hamjui kitu. Inatakiwa kamera ya kuruka, ile yenye mapanga. Bibi apigwe kutoka juu, kama mechi ya mpira.

— Ndani ya chumba changu? Si itanipeperushia vitambaa vyote!

— Basi ile ya trafiki! Ya kukamata mwendo kasi. Gari likipita mbio vipi, namba inasomeka.

Nami nikaona napitwa.

— Ya hospitali, nikasema, ile inayomezwa. Kama inaona tumboni gizani, itashindwa chumbani?

— Nani ataimeza, kinyozi? akauliza Breki.

— Bibi.

Mama Uzi hakucheka. Akainamisha kichwa, akaanza kumnyoosha Bibi kola kwa kidole, nami nikajionea haya.

Pembeni ya benchi alikuwa ameketi dada mmoja mgeni, sare nyeupe, ametoka zamu. Alikuwa ametuambia kwamba kazi yake ni kupiga picha za mifupa hospitali, na hatukumjali.

— Samahani kaka zangu, akasema. Kwani huyo Bibi anakimbia?

— Hata kutembea hatembei, akajibu Mama Uzi. Namsogeza kidogo, napiga. Namsogeza tena, napiga. Picha zikipitishwa haraka ndipo anaonekana anatembea.

— Sasa kasi yote hiyo ya nini?

Flashi akaitazama kamera yake. Breki akarudia kikombe chake.

— Mimi kazini mionzi ya mashine naipanga mwenyewe, dada akaendelea. Kwenye simu yako mwanga anaupanga nani?

— Inajipangia yenyewe, Flashi akasema polepole. Kila picha na mwanga wake. Lo! Ndiyo maana inapepesa!

Akachomoka mbio, akarudi na kamera kuukuu aliyoanzia kazi, ambayo huificha kabatini kwa aibu. Nzito, ya polepole, kila kitu unageuza kwa mkono.

— Hii mpya nayo ina mahali pa kuufunga mwanga, akakiri, ila sijui wapi. Hii kongwe ukiiwekea mwanga, haubadiliki mpaka uubadili wewe.

Chumbani kwa Mama Uzi tukateremsha pazia jua lisiingie, tukawasha taa moja. Breki akaikaza kamera mezani kwa skrubu za baiskeli. Mama Uzi akapiga picha tisini na sita, mgongo umemkakamaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuegemea meza. Na zote hizo ni sekunde nane tu za filamu! Tulipozitazama kwenye kompyuta ya Flashi, Bibi Kitambaa alipanda ngazi ya vibweta vya nyuzi, mwanga umetulia tuli. Kufika juu akageuka, akainua mkono. Breki naye akampungia.

Tukaendelea hivyo usiku kucha, na filamu ikaenda Ijumaa mchana. Jumatatu, nikiwa katikati ya kichwa cha mteja, Mama Uzi akaingia bila hodi, simu kaiinua juu.

— Wameichukua! Wanataka zingine kumi!

Akapiga kigelegele, mtaa mzima ukatoka nje. Flashi na Breki wakakumbatiana. Mimi nikaangua kilio, mwanamume mzima, wembe mkononi, na mteja wangu kanyolewa nusu anauliza nani kafa.

— Hajafa mtu, nikamwambia. Tumeshinda!