Kinga Yangu Iliyopotea Tabora

Yesu asifiwe, Kanisa la Baraka! Itikeni tena kwa nguvu, maana mimi nimetoka mbali kwa kukanyaga pedali!

Ndugu zangu, mimi ni Wilondja, mtoto wa hapa Baraka. Wakati wa vita nilivuka ziwa nikiwa kijana, nikaishi Tanzania miaka mingi, mwisho nikawa Dar es Salaam. Mama yangu alibaki hapa. Kila mwaka aliwatuma wafanyabiashara wa mashua: "Mumuambie Wilondja akuye." Nami kila mwaka nilijibu nakuja. Uongo! Niliona haya kurudi mikono mitupu. Nilisema, ngoja nipate kitu kwanza. Nilikuwa nikila kisamvu cha Dar, moyo unaniambia hii si sombe ya mama, na chakula kinanishinda.

Ndipo ndugu wa kwetu Fizi niliosali nao Dar wakaweka ahadi kwa Mungu: kuvuka Tanzania nzima kwa kinga, hizi za magurudumu mawili, kutoka baharini hadi Kigoma, tukiombea amani ya kwetu katika kila mji. Nikajiunga haraka. Si kwa utakatifu, ndugu zangu! Nilijua mtu anayeshuka kwenye kinga hakuna anayemuuliza mizigo iko wapi.

Tulikanyaga! Morogoro, Dodoma, Singida. Jua lilitukausha kama ndagala wa ziwa letu, na upepo unatusukuma nyuma. Kadiri tulivyokaribia, hamu ya nyumbani ilizidi, na haya nayo ikazidi.

Tabora, Jumapili asubuhi, natoka nje: kinga yangu haipo! Tukaenda kanisani hivyo hivyo. Mchungaji akauliza nani ana hitaji. Nikasimama nalia: "Wapendwa, kinga yangu imepotea! Nimetoka nayo Dar. Bila hiyo siwezi kufika kwa mama!"

Kanisa zima likageuka kunitazama. Ndugu zangu, sisi tunasema kinga, wao wanasema baiskeli. Kwao kinga ni dawa ya mganga, hirizi ya kuvaa! Nilijua hilo miaka yote, lakini kilio kilinirudisha kwenye maneno ya nyumbani. Wamama wakanizunguka, mikono kichwani kwangu: "Toka! Toka!" Mchungaji akanishika mabega: "Ndugu, hiyo kinga uliitegemea ya nini? Unamwogopa nani huko kwenu?"

Nilitaka kumwambia ni baiskeli tu. Nikaacha. Kwa maana aliuliza kweli! Nilikuwa namwogopa mama yangu mzazi, aliyenibeba mgongoni, na ile kinga niliipanda ili nimfiche mikono yangu mitupu. Nikaanguka chini. Nikatubu haya yangu na kiburi changu mbele ya watu wasionijua, nikalia mpaka sauti ikaisha. Nilipoinuka, moyo ulikuwa mwepesi. Haleluya! Kaka Asende, kiongozi wa safari yetu, akaninong'oneza huku anazuia kicheko: "Kinga yako iko kwa fundi. Niliipeleka asubuhi, spoku ilikatika."

Kutoka hapo sikukanyaga tena, niliruka! Kigoma tuliimba mbele ya ziwa, tukiitazama milima ya kwetu ng'ambo, watu wazima tunalia bila kufichana. Kisha tukapanda mashua.

Nilimkuta mama mlangoni, anachambua maharagi. Nikapiga magoti. Akanitazama sana.

"Weye ni mutoto ya nani? Kaa, baba. Kama unatoka Tanzania, haukuona mutoto yangu Wilondja? Atakuya."

Wapendwa, uzee umechukua kumbukumbu yake. Nilichelewa. Kila asubuhi ananihadithia huyo mtoto, nami namwitikia, ndiyo mama, atakuja. Tunakaa nyumba moja, na bado nina hamu naye.

Lakini Mungu ni mwema! Juzi nikimnawisha mikono, alinishika sikio, akasema: "Wilondja, umekonda." Mara moja tu. Kisha akaniuliza tena mimi ni mtoto wa nani.

Namshukuru Mungu kwa hiyo mara moja. Wewe unayezuiliwa na haya, au mwenye ndugu aliye mbali, mpelekee neno hili: mtegemee Yesu, inuka leo, nenda na mikono mitupu. Mama hangoji mizigo. Nenda wakati bado analijua jina lako.