Mzee Herménégilde, Mlinzi Aliyekataa Kujua

Tarehe 28 Novemba 2014, saa kumi na moja jioni, Mzee Herménégilde atafunga geti la Duka la Vitambaa la Burhani, hapa Fordsburg, kwa mara ya mwisho. Amelilinda tangu tarehe 3 Machi 1997, yaani miaka kumi na saba na miezi minane, na kwa muda wote huo hajawahi kukiri kwamba anajua kilichomo ndani.

Wageni wa hafla hii ya kumuaga huenda wakashangaa, kwa hiyo nianze na chanzo cha matatizo. Kabla vita havijamtoa Burundi, Mzee alisoma seminari kuu, miaka miwili ya falsafa. Upadri ulimshinda siku alipomwona Joséline, ambaye leo amekaa meza ya mbele na anaweza kuulizwa. Falsafa haikumshinda. Alifika kwa Mjerumani mmoja wa karne ya kumi na nane, akakwama hapo, na mpaka leo hataki kukwamuliwa.

Mafundisho ya Mjerumani huyo sote tunayo kichwani, tupende tusipende, maana tumefundishwa kila mapumziko ya chai. Yanasema akili ya binadamu hukata kila kitu kwa vipimo vyake kabla ya kutukabidhi, kama mkasi wetu unavyomkatia mteja mita tatu. Sisi tunapokea kipande. Jora lenyewe, lilivyo kabla ya mkasi, hakuna aliyewahi kuliona wala atakayeliona. Mzee akifika hapo chai yake huwa imeshapoa, na yetu pia.

Kwa mwalimu maneno hayo yanafaa sana. Kwa mlinzi yana usumbufu. Kazi yake ilikuwa kulinganisha risiti na mfuko wa kila mteja anayetoka, kisha kugonga muhuri wa IMEKAGULIWA. Yeye akawa anaongeza kwa kalamu: "kwa kadiri inavyoonekana." Mama mmoja wa Yeoville alimwuliza kama kitenge alichonunua kitachuja rangi. Angeweza kusema hapana, yakaisha. Badala yake alimweleza kwa dakika ishirini kwamba maarifa ya mtu hayavuki yale aliyoyapitia, na kwamba kitenge kile bado hakijapitia maji. Mama wa watu alirudi ndani na kukirudisha. Siku hiyo bosi wetu, Bwana Burhani, mzaliwa wa Tanga na mtu wa subira, alibandika tangazo ukutani kwamba mlinzi alinde mlango tu, mambo mengine ayaache.

Placide, mtunza bohari, ni mtu wa aina nyingine kabisa. Placide anajua kila kitu. Anajua mvua itanyesha lini, nani ana mimba na robot ipi, yaani taa ya barabarani, ya Fordsburg itaharibika wiki ijayo. Nampenda sana Placide, na nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika yanayofuata.

Septemba 2011 jora zima la lesi ya buluu lilipotea boharini. Kamera ya mlango wa nyuma ilionyesha mwanamke, mgongo tu, amejitanda mtandio wa njano na jora begani. Dukani aliyekuwa akivaa mtandio wa njano kila siku ni mmoja, nami ndiye ninayeandika haya, Marcelline wa meza ya kukatia. Placide alisema mwendo ule anaujua hata usingizini. Aliongeza kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kufikia saa nne asubuhi duka zima lilikuwa linajua. Barua ya kunifukuza ilishaandikwa, na mtu akifukuzwa kwa wizi Fordsburg hapati kazi hata ya kufagia. Nina watoto watatu. Nililia mpaka nikalowesha satini ya mteja.

Ilibaki Mzee atie sahihi kama shahidi kwamba yule kwenye picha ni mimi. Aliandika kurasa tatu. Kiini chake kilikuwa hiki: "Ninachokiona ni mtandio mmoja, mgongo mmoja na jora moja. Jina la Marcelline halimo kwenye picha. Limeongezwa na watazamaji." Bosi alimwambia atie sahihi au aondoke pamoja nami. Mzee akaomba saa moja tu, na mitandio mitano ya njano.

Watu watano, nami nikiwemo, walijitanda, wakabeba majora, wakapita mbele ya kamera wakiipa mgongo. Placide alikaa ofisini mbele ya skrini pamoja na bosi. Alipofika wa tatu, Placide alinyoosha kidole bila kusita: "Eish, huyo ndiye Marcelline, nakula kiapo." Wa tatu akageuka. Alikuwa Shehe, dereva wetu, na masharubu yake. Placide alidai warudie kwa mpangilio mwingine. Wakarudia, naye akamchagua Shehe tena.

Mchana huohuo mke wa bosi aliingia dukani na mabaki ya lesi ya buluu, amejitanda mtandio wa njano. Alikuwa amelichukua jora kwa ajili ya harusi ya mpwa wake, na alikuwa amemwambia mumewe wakati wa kifungua kinywa, naye akaitikia nyuma ya gazeti. Bwana Burhani alikuwa ameitazama picha ile mara kumi na moja. Wameoana miaka ishirini na tisa. Barua aliichana mwenyewe mbele yetu, akaniomba radhi, na tangazo la ukutani likaondolewa.

Baadaye nilimwuliza Mzee kama aliniamini tangu mwanzo. Nilitegemea aseme ndiyo. Alisema hapana, hakujua kama nimeiba au sikuiba. Alichojua ni kwamba wengine nao hawajui. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaelewa. Watu walionijua miaka mingi, wengine tunasali pamoja, walitazama viatu vyao. Aliyehatarisha mkate wake ni yule mmoja aliyesema hanijui.

Mzee wetu, asante. Wanangu wamesoma kwa sababu yako. Mkapumzike wewe na Mama Joséline, na chai yako sasa uinywe ikiwa moto. Kama maisha yaliyo mbele yenu ni mema hatuwezi kujua, umetufundisha mwenyewe. Sisi tunakutakia tu yawe mema, kwa moyo wote.