Rubani Aliyejibiwa "Safi"

Kabla ya kusoma tarehe hata moja, msomaji wa historia hii, ambaye ni mdogo wake marehemu wa tumbo moja, anakiri mbele ya Mungu na mbele yenu nyote kwamba alisema jambo ambalo hakuwa amekwenda kuliona, na kwamba maneno yanayopita hapa msibani tangu juzi, kuwa kaka yake alianguka kwa kupenda kujionyesha, si ya kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao, akiwa mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha sekondari hadi 1992, ambako mwalimu wa hesabu alimwandikia kwenye ripoti kwamba akili anazo, ila macho yake yamehamia dirishani.

Mwaka 1994 aliajiriwa kuosha matangi kwenye kiwanja kidogo cha ndege za kunyunyizia mashamba dawa, akapanda taratibu hadi kuwa fundi, akapelekwa kusomea urubani mwaka 1999, na tangu tarehe 7 Mei 2001 akarusha ile ndege ya njano iliyompa jina la Nyuki, jina ambalo hata mama yake mzazi alimwitia chakula.

Tarehe 22 Juni 2002 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za shule, aliyemkubali kwa sharti moja, kwamba viatu vinavyonuka dawa visivuke mlango wa jikoni, na Mungu akawajalia mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 2010 alimchukua mdogo wake kazini, awe anachanganya dawa, na kila asubuhi kabla ndege haijaruka apande kwa miguu hadi juu ya kilima, atazame kama kuna waya au nguzo mpya, kisha aseme kwenye redio, "Nimefika, nimeona," maana Nyuki hakutaka neno jingine, ingawa kadiri miaka ilivyokwenda ndugu hao walizoeana na sharti likalegea.

Alhamisi tarehe 14 Machi 2019, viwavi wakiwa wamevamia mahindi ya bondeni, njia ya kilimani ilikuwa inateleza kwa mvua, mdogo mtu akaishia katikati, akarudi kwenye tangi lake, na saa moja na dakika ishirini asubuhi redio ilipomuuliza, "Vipi huko, bwana mdogo?" akajibu, "Safi," kama mtu anavyojibu salamu barabarani, naye kaka akaelewa kuwa njia ni nyeupe, akashuka bondeni, bawa la kushoto likanasa waya ambao wakata magogo walikuwa wameuvuta wiki ile kutoka kilima kimoja hadi cha pili ili kuvushia magogo yao, ndege ikapiga mteremko.

Alilazwa siku kumi na moja, mbavu na figo zikiwa zimeumia, na siku ya nne, ndugu yake alipopiga magoti kando ya kitanda akaungama, marehemu aliomba maji, kisha akasema, "Nami nilisikia salamu nikaifanya taarifa, tumekosea wote wawili, lakini wewe, siku Mungu akikuuliza habari zako, usije ukamjibu safi," akacheka mpaka muuguzi akamgombeza kwa ajili ya mbavu zake. Alifariki Jumatatu tarehe 25 Machi, saa tisa alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Jana maelezo haya yamefikishwa kwa wachunguzi wa ajali, yakiwa na sahihi ya msomaji, na lolote watakaloamua atalipokea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya majeruhi, wakulima waliomtoa kwenye mabaki wakambeba juu ya mlango wa ghala, majirani ambao hawajamwacha shemeji peke yake hata siku moja, wenzake wa kiwanjani waliosimamisha ndege zote leo, na wakata magogo, ambao wameufunga waya wao vitambaa vyekundu.

Kapumzike, Nyuki, mikononi mwa Bwana.

Kwenu mliobaki ombi ni moja tu, watoto wake wakiwauliza baba yao alikufaje, waambieni kama mlivyosikia hapa, na wakiwauliza lolote ambalo hamkufika mkaliona, semeni, "Sikuona."