Minofu ya Stempu

— Wewe unayepita na mwavuli, simama kwanza utuambie: paka mzee analishwa nini?

Mpita njia hakusimama. Hakuwa na paka, na yeyote aliyeizoea njia ile ya Kirumba, nyuma ya uwanja wa mpira, alijua kwamba Jonathan haulizi ili ajibiwe. Anauliza ili apate mlango wa kujibu mwenyewe. Kijiwe chao kilikuwa benchi moja refu barazani kwa duka la ushirika, duka lililofungwa tangu watu waanze kulitamka soko huria kama jina la mgeni wa heshima. Jonathan aliitwa Profesa, kwa kuwa alisikiliza redio za nje kisha akawaeleza wenzake mambo ambayo walikwisha kuyasikia. Shimba, kijana aliyekata samaki kiwandani, aliitwa Kisu. Pius hakuwa na jina la utani. Mshika birika la kahawa hataniwi. Na mwisho wa benchi, mgongo umeegemea mlango wenye kufuli, alikaa Mayala. Huyo waliendelea kumwita Stoo, kwa sababu stoo ya duka lile aliitunza yeye mpaka siku lilipofungwa, na hadi leo alikaa palepale kama mtu anayetazamia kuitwa afungue.

Alasiri hiyo ya Ijumaa Mayala alikuwa hajakigusa kikombe chake, na kahawa ilikuwa imekwisha kupoa.

Katikati ya benchi alikuwa ameketi Wilhelmina. Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi. Wilhelmina, mstaafu wa posta, alikuwa na desturi ya kuwaamkia na kupita, kwa maana aliona mazungumzo yao ni hewa iliyotiwa sukari. Leo aliketi, mapajani amepakata kitenge, na ndani ya kitenge mlikuwa na Stempu, paka wake wa kijivu, mwenye umri mkubwa kuliko watoto wengi wa mtaa ule waliokwisha kumaliza shule ya msingi. Marehemu mumewe alimleta akiwa mdogo wa kuenea mfukoni mwa koti. Sasa alikuwa amerudi karibu kuwa mdogo vilevile. Mifupa ya mabega ilisimama, manyoya yamelala ovyo, na kila akiamka alilitafuta bakuli la maji kama aliyetoka safari ya jangwani.

— Bwana mifugo anakuja kesho asubuhi, Wilhelmina alikuwa amesema alipoketi. Anakuja na sindano. Nimeona niwaulize na ninyi, maana wote wenye akili nimekwisha kuwauliza.

Hakuna aliyechukia. Kijiweni maneno ya namna hiyo huhesabiwa kuwa mwaliko.

Bwana mifugo, mtu wa Mkolani ambaye kwa kawaida alitibu ng'ombe, alimkagua Stempu wiki chache nyuma akasema figo zimechoka na meno yamekwisha. Akaagiza paka asiguse tena chumvi, wala mafuta ya kukaangia, wala mifupa. Apewe samaki laini wa kuchemsha, aliyepondwa na kulainishwa kwa uji mwepesi wa mchele, kidogo kidogo, na mlo wa mchana usirukwe kamwe. Akipata nafuu, ataishi. Chakula hicho kikishindwa, basi kumwacha ateseke ni ukatili. Hapo ndipo ilipotajwa sindano.

Wilhelmina alilishika agizo hilo kama alivyokuwa akizishika kanuni za vifurushi. Tatizo lilikuwa samaki. Sangara laini, asiye na mwiba, Kirumba hapatikani. Ziwa lilikuwa pale chini, mtu akitema mate yanaanguka majini, lakini minofu yote ilikuwa ikipanda ndege kwenda Ulaya, na wenye ziwa wakabaki na mapanki, yaani kichwa na uti wa mgongo vilivyokwanguliwa na kisu, vikakaangwa sokoni Mwaloni mpaka vikawa vyeusi, vikamwagiwa chumvi. Shimba ndiye aliyemwokoa. Kila siku mbili tatu alitoka kiwandani na kipande cha mnofu kwa njia ambayo kijiwe kizima kilikubaliana kutoiuliza.

— Mimi mama nimefanya langu, Shimba akasema sasa, akikiangalia kikombe. Ule mnofu mimi mwenyewe ninayeukata sijapata kuuonja. Getini wanatupapasa mpaka soksi. Nikikamatwa sina kazi. Nilisema potelea mbali, mgonjwa ni mgonjwa.

— Mungu akubariki, mwanangu, akasema Wilhelmina.

Mayala akakisogeza kikombe chake kutoka kulia kwenda kushoto.

Profesa alikuwa amesubiri vya kutosha. Akasema kosa liko kwenye kuchemsha. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kama wangetaka achemshwe wangesema hivyo. Paka apewe samaki mbichi, akunjwe vizuri, aingizwe mdomoni. Pius akauliza aliyekunjwa ni samaki au paka. Profesa akasema elimu haina haraka.

Shimba yeye aliona kosa liko kwenye maji. Tangu magugu yaanze kufunika ziwa, hakuna kiumbe kinachokunywa maji ya Mwanza kikabaki na figo zake. Magugu yale yaliletwa, akasema, nayo hayaoti tu majini. Yanaota hata tumboni, mbegu zake hazionekani kwa macho. Wilhelmina akamjibu kwamba maji ya Stempu yanachemshwa na kuchujwa. Shimba akasema ndiyo hasa, mbegu zinapenda joto.

Wilhelmina akafungua mkoba, akatoa kopo. Alikuwa na kibarua cha kupiga chapa dukani kwa Mansukh, ambaye zamani aliuza vipuri vya mashine za pamba na sasa, kama kila mtu, aliuza chochote kilichoshuka kwenye kontena. Mansukh alimpa kopo hilo kwa huruma. Lilikuwa na picha ya paka mdogo, mnene, macho ya bluu. Ng'ambo, Mansukh alimwambia, paka wana chakula chao dukani, cha watoto mbali, cha wazee mbali, cha wagonjwa mbali. Kijiwe kikapokea habari hiyo kama watu wanaopitisha hesabu fulani kichwani.

— Wazee mbali, Pius akarudia polepole. Baba yangu Misungwi anakula kilekile wanachokula wote.

Profesa akalichukua kopo, akalisogeza mbali na macho, akalisogeza karibu, akatikisa kichwa kama daktari.

— Hii ni dawa ya kurudisha ujana, akasema. Mnaona picha? Picha ni matokeo. Kwenye sabuni wanaweka mwanamke mweupe. Kwani mwanamke yumo ndani ya sabuni? Anaingia paka mzee, anatoka huyu hapa.

— Pameandikwa nini hapo chini? akauliza Shimba.

— Lugha ya kitaalamu hiyo. Haifasiriki mtaani.

— Pameandikwa chakula cha paka wachanga wanaokua, akasema Wilhelmina, akalichukua kopo lake. Nimesoma anwani za dunia nzima, Jonathan. Hili si la umri wake wala ugonjwa wake, ndiyo maana sijalifungua. Nilidhani labda mmoja wenu angenipa sababu ya kulifungua.

Akajifanya anakunja kitenge. Ndipo wote walipoona kwamba mama huyu, ambaye hawakupata kumwona akimwomba mtu hata kiberiti, alikuwa amekuja kuwaomba wao.

Mayala aliona zaidi ya hapo, maana yeye alikuwa na ufunguo.

Wilhelmina alimpa ufunguo huo siku ileile bwana mifugo alipoondoka. Mchana yeye yuko kwa Mansukh, na Stempu lazima ale. Ni nani basi wa kuaminiwa, kama si mtu aliyetunza stoo ya ushirika enzi za foleni, sukari ikawa dhahabu, naye asipunguze hata kijiko? Bakuli litakuwa dirishani, limefunikwa. Mayala alikubali kwa fahari. Tangu duka lifungwe hakuna aliyemkabidhi kitu. Siku ya kwanza akaenda, mfukoni amefunga panki lake la mchana kwenye gazeti. Akafunua bakuli. Mle ndani mlikuwa na mnofu mweupe, laini, uliopondwa kwenye uji.

Jina Mayala Wasukuma humpa mtoto aliyezaliwa mwaka wa njaa. Mama yake alipenda kusema kwamba njaa ile iliondoka nchini ikamwacha yeye kama risiti.

Stempu, kwa upande wake, alinusa bakuli, akageuka, akaja kukwaruza gazeti. Mayala alijiambia kwamba paka mwenyewe ndiye aliyechagua. Alijiambia hivyo siku ya kwanza, na iliyofuata, na alipoanza kumwona Stempu akikimbilia maji na kuteguka nyonga, bado alijiambia hivyo. Bakuli lilirudi dirishani jeupe, na kila jioni Wilhelmina alipita akamshukuru.

— Mimi nadhani, Profesa alikuwa akisema, tatizo ni la kihistoria. Paka huyu kakulia enzi za mgawo. Tumbo lake ni la foleni. Leo unalilisha minofu ya Ulaya kila siku, linashtuka. Nchi nzima inaumwa ugonjwa huo. Soko huria limetukuta na matumbo ya mgawo.

— Kweli hiyo, akasema Mayala.

Wote wakageuka. Lilikuwa neno lake la kwanza.

— Kweli kabisa, akaendelea kwa haraka. Huenda chakula chenyewe ndicho kilichomzidi. Huenda hata asingekula kingekuwa…

Akanyamaza, kwa sababu Wilhelmina alikuwa akimtazama kwa upole, na upole ule ulimwia mgumu kuuvumilia.

— Wala usijilaumu, mdogo wangu, akasema. Wewe umenisaidia kuliko wote.

Pius akadokeza kwamba huenda paka anamlilia marehemu. Profesa akasema mtaka cha uvunguni sharti ainame, na alipoulizwa ana maana gani akasema inahusu mahali paka anapolala. Mazungumzo yalikuwa yameanza kuelekea kwa waganga wakati mwanamke mwenye kikapu alipopanda baraza. Alikuwa Dorcas, mdogo wake Wilhelmina, ameteremka sasa hivi kutoka Misungwi kwa sababu dada yake alimpelekea habari asimwache peke yake kesho. Akaamkiana na wote, akapewa nafasi, akampokea paka mapajani. Stempu akamramba kidole. Dorcas akainama, akanusa, akanusa tena.

— Dada, chakula chake mnakaanga?

— Tunachemsha.

— Basi mbona sharubu zake zinanuka mapanki?

Kijiwe, ambacho tangu saa tisa kilikuwa na jibu la kila kitu, kikageukia vikombe vyake. Pius akalitikisa birika ingawa alijua lina kahawa. Hatimaye Shimba akasema Kirumba nzima inanuka mapanki, mama mdogo, hata nguo za padri, upepo wa Mwaloni haubagui. Profesa akadakia kwamba mwenye njaa hana miiko, huenda paka anatoka usiku kujitafutia. Yalikuwa maelezo mazuri. Dorcas aliyakubali nusu. Mayala angeweza kupanda juu ya maelezo hayo akavuka salama. Aliuona mlango uko wazi na hakuna aliyekuwa akimtazama.

— Haidhuru, akasema Wilhelmina, akinyoosha mikono arudishiwe paka wake. Bwana mifugo aje tu. Angalau najua amekula alichotakiwa kula, mpaka mwisho. Sikumpunja. Mayala shahidi yangu. Eti Mayala? Mchana alikuwa anamaliza, au nilijidanganya?

Mayala akasimama. Akautoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya benchi, akabaki ameukodolea macho.

— Mtu aende Mkolani leo hii, akasema. Bwana mifugo aambiwe asije na sindano.

— Kwa nini?

— Chakula chako hakijashindwa, dada. Hakijajaribiwa sawasawa. Cha asubuhi na cha jioni umempa wewe, lakini kila mchana alikula mapanki yangu, na chumvi yake, na miiba yake. Bakuli niliosha mimi.

Wilhelmina aliuvuta mkono wake ukafunika kichwa cha paka, kama vile mtu alikuwa amerusha jiwe.

— Na mnofu? akauliza Shimba. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mzee Stoo, ule mnofu nilioupitisha getini?

— Niliula mimi.

 Ni Pius aliyeuliza, bila nia mbaya, kwa sababu tu alikuwa mtu wa jikoni na jambo hilo lilimshangaza kweli:

— Uliula hivyohivyo, bila chumvi?

Mayala alikuwa bado anautazama ufunguo.

— Nilikuwa naenda nayo, akasema. Kwenye karatasi. Kila siku.