Bi Hirabuki na Vidole Sita vya Jitu la Chuma

Tarehe 31 Machi 1997 Bi Sumie Hirabuki anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha rangi cha studio yetu ya katuni hapa Nerima. Alianza kazi enzi za televisheni isiyo na rangi, jitu la chuma, shujaa wa katuni yetu, likipakwa kijivu cha aina saba. Yeye alizitambua zote saba kwa kutupa jicho tu, huku akila mkate wa maharagwe matamu kwa mkono wa kushoto ili wa kulia usinate.

Wengi mnamjua kama mkuu wa chumba hicho, aliyefundisha wapakaji zaidi ya sitini. Wachache wanajua kwa nini kati ya 1964 na 1966 alikuwa akiosha plastiki, zile karatasi angavu tunazochorea. Studio ilikuwa fukara: michoro ikishapigwa picha, plastiki zake zilioshwa zitumike tena. Dawa ya kuoshea ilimchubua mikono hadi viwiko.

Katika kipindi cha kumi na tisa, jitu liliinua daraja kwa mkono wenye vidole sita. Mchoro ule ulikuwa wangu. Bi Hirabuki aliliona kosa kabla ya rangi, akaja mezani kwangu kuniambia kwa upole. Nilimjibu mbele ya watu, "Dada, wewe paka. Kuhesabu tuachie wachoraji." Watu wakacheka.

Kipindi kikarushwa. Barua za watoto zikamiminika, na mdhamini wetu, mtengeneza peremende, akaja mwenyewe. Mkurugenzi alipouliza kidole kile kimetoka wapi, niliangalia viatu vyangu. Mtu akasema huenda ni chumba cha rangi. Bi Hirabuki alinitazama, akangoja, kisha akainama mbele ya mgeni na kuomba radhi. Kesho yake akapelekwa kwenye makarai ya kuoshea plastiki.

Mwaka uleule nilipandishwa cheo.

Wiki iliyopita, nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu, nilimfuata jikoni mwa studio akinywa chai, nikamwomba msamaha niliouchelewesha miaka thelathini na mitatu. Akatua kikombe.

"Esaka, mimi sikuinama hapa jikoni," alisema. "Niliinama mbele ya watu. Ukiwa na neno, waambie watu."

Ndiyo maana mnayasoma haya, na jina langu liko chini.

Bi Hirabuki anahamia Matsumoto kwa dada yake, na ameapa kutopaka hata mlango. Asante, Bi Hirabuki, kwa kazi, na kwa stahamala tusiyoistahili. Tunakuombea afya njema na siku ndefu zisizo na haraka.

Tokunari Esaka, Idara ya Uchoraji