Kasiani Onesmo Mkumba na Trekta Lisilobeba Watu

Baba Paroko, wafiwa, ndugu wa Masaki, majirani wa hapa Janga, na ninyi wajumbe wa Magindu ambao jana mlituletea habari kwamba kijiji chenu kitafika kuzika: karibuni. Mimi ni Hilario, mjomba wa marehemu, na kwa desturi yetu mjomba ndiye mwenye mpwa. Wenye shughuli wameniambia niseme mazuri tu, nami nimekubali. Lakini mazuri ya huyu bwana yamekaa mahali pabaya, na kuyafikia lazima tupite humo humo.

Marehemu Kasiani Onesmo Mkumba alizaliwa Masaki, Wilaya ya Kisarawe, tarehe 13 Agosti 1944. Alikuwa mtoto wa kwanza wa hayati Mzee Onesmo Mkumba na dada yangu Laurentia. Siku hiyo ilikuwa ya Mtakatifu Kasiani. Padri aliyembatiza alitueleza kwamba mtakatifu huyo alikuwa mwalimu, na waliomuua ni wanafunzi wake mwenyewe. Sisi tukaona ni jina zuri tu. Binadamu haambiliki.

Alianza shule ya msingi Masaki mwaka 1952, akaendelea Pugu kwa sekondari, na Julai 1967 akaingia Chuo Kikuu pale Mlimani, Dar es Salaam, kusoma uchumi. Alimaliza mwaka 1970. Kijijini kwetu hakuna aliyewahi kufika huko. Sasa, enzi hizo kwenye zahanati ya misheni, mganga alikuwa akikutia kipima homa kwapani, anakitazama, anasema una digrii kadhaa. Kwa hiyo kwetu mtu mwenye homa kali tulisema ana digrii. Siku ilipofika habari kwamba Kasiani kapata digrii huko Dar es Salaam, mama yangu mzazi, Bibi Kristina, aliweka mikono kichwani.

“Kaipata wapi?”

“Mlimani, mama.”

“Nilisema mimi, huko juu kuna baridi! Sasa itashuka lini?”

Alipowasili, suti mpya, tai shingoni, alikuta bibi yake amemchemshia sufuria la mwarobaini. Akajaribu kumweleza, bibi hataki kusikia. Basi akavua koti, akakaa kwenye mkeka, akanywa. Alikunywa mpaka chini, na uso haukukunjamana. Nataka mkumbuke kwamba alikuwa mtu wa namna hiyo pia, maana baadaye wengi mlimjua kwa ugumu tu.

Kazi alianza wizarani Dar es Salaam, na mwaka 1972 akaletwa Kibaha kuwa afisa utumishi katika kiwanda kimoja cha umma. Ukoo ulishangilia. Kila mwenye kijana alimnunulia shati. Ndugu yetu Mashaka, baba mdogo wa marehemu, ambaye tunaye hapa, alikuwa wa kwanza kubisha hodi pale ofisini.

“Mwanangu, nimekuletea mdogo wako.”

“Karibuni, Baba mdogo. Shikamoo. Nafasi iliyopo ni ya fundi makanika. Yeye anajua nini?”

“Anajua kwamba wewe ni kaka yake.”

Hakumpa. Mashaka akarudi Masaki akatangaza kwamba tulidhani tumepanda mnazi, kumbe tumepanda mchongoma. Neno hilo lilipendwa sana, na mpaka mwaka jana lilikuwa likiimbwa ngomani. Mashaka, usiiname. Ulilisema ukiwa umesimama.

Alipomkataa mtoto wa baba mdogo, kiwandani walimsifu. Alipomkataa shemeji wa mkubwa mmoja, sifa zikakoma, akapewa uhamisho. Mwaka 1979 alipelekwa Magindu kuwa Meneja wa Kijiji. Wale aliosoma nao Mlimani wakati huo walikuwa wakurugenzi, na mmoja alikuwa Ulaya akiiwakilisha nchi. Mmoja wao nilimshuhudia Kibaha, njia ya Morogoro, akishusha kioo cha gari. “Kasiani, bado uko porini? Sema neno moja tu nikutoe.” Kasiani akamuuliza hali ya watoto. Gari likaondoka. Mashaka alipopata habari za Magindu alicheka mpaka akakaa chini: “Bibi alikuwa akiuliza itashuka lini. Mwambieni digrii imeshuka!” Neno hilo nalo likasafiri, lilivuka Ruvu kabla ya mizigo yake.

Mwaka 1971 alifunga ndoa na Mwalimu Ursula Laurean, binti wa hapa hapa Janga, ambapo baadaye walijenga nyumba yao; ndoa ilifungwa katika parokia ya Kibaha. Walipendana, na waligombana kama watu wanaopendana. Alipohamishiwa Magindu, Ursula aliacha shule yenye vioo madirishani akamfuata. Sijawahi kumsikia akilitaja hilo, isipokuwa siku moja, nayo nitaifikia.

Pale Magindu kijiji kilikuwa na trekta. Meneja alilikuta linabeba mkaa wa watu, linabeba wacheza ngoma, na shamba la kijiji limeota majani. Mkutano wa kwanza aliweka sheria: trekta linalima na linabeba mazao, halibebi watu. Hata mtu mmoja. Wengine walipiga makofi, maana hawakuwa wamewahi kulipanda. Shamba likalimwa. Mahindi yakapatikana.

Kisha mwaka 1982, masika, binti wa Mwenyekiti Kondo akaolewa. Harusi ilitakiwa ikapande treni. Mwenyekiti akaomba trekta, Meneja akakataa. Yule binti alitembea kwenye tope mpaka stesheni, shela kichwani, viatu mkononi, na mama yake nyuma akimnyanyulia gauni. Nasema kweli hata mimi nilimwambia Kasiani, “Mpwa wangu, harusi si gunia la mkaa, ungefumba jicho.” Akasema, “Mjomba, jicho likishafumbwa halifumbuki.” Alikuwa mgumu kama gogo la mvule, na tope lile la harusi halikumtoka Mwenyekiti mwilini. Simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa linalofuata.

Ijumaa tarehe 11 Mei mwaka huu, 1984, marehemu alishikwa na homa. Nilikuwa nimefikia kwake, maana miguu yangu haikai. Zahanati haikuwa na dawa. Jumapili asubuhi alikuwa anaweweseka, anarudiwa na fahamu, anaweweseka tena. Ursula akanituma kwa Mwenyekiti. Nilimkuta barazani na wenzake, wanakunywa chai.

“Shikamoo, mzee wangu. Karibu chai.”

“Marahaba. Meneja wako anaungua, Mwenyekiti. Treni leo hakuna. Naomba trekta litufikishe Mlandizi, tupate gari la kwenda hospitali.”

“Trekta halibebi watu, mzee. Si maneno yangu hayo. Ni ya mwenyewe.”

“Huyu ni mgonjwa.”

“Na yule alikuwa bibi harusi.”

Mmoja pale barazani, jina lake ninalo lakini leo nalimeza, akasema, “Acheni mzee ajiendee. Digrii itashuka yenyewe!” Wakacheka. Chai ilimwagika kwa kicheko.

Nilirudi nikakuta Kasiani macho yamefunguka. Ursula akamwambia, “Wewe ndiye Meneja. Toa ruhusa wewe mwenyewe, dereva yupo tayari.” Kasiani akasema, “Nikilipanda mimi leo, yule binti alitembea kwa sababu gani?” Ursula akapiga kelele: “Niliacha shule yangu nikufuate, leo unaniachia sheria? Basi kufa nayo!” Ameniruhusu niyaseme haya mbele yenu, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyoagana naye, na hataki mtu mwingine aje kuyasimulia kwa kuyapamba.

Tulimbeba na kitanda. Waliobeba ni shemeji yake Thadeo na vijana wachungaji wa ng'ombe, watu ambao Meneja aliwahi kuwatoza faini mifugo yao ilipoingia shambani. Walisema faini ni faini na mgonjwa ni mgonjwa. Njia ilikuwa tope. Hatujafika mtoni Ruvu, kilio cha Ursula kikanifanya nimshike Kasiani paji la uso. Lilikuwa baridi. Nikamkumbuka mama yangu na sufuria lake. Nikasema moyoni, mama, imeshuka.

Kasiani Onesmo Mkumba alifariki Jumapili tarehe 13 Mei 1984, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Wasomi wenzake wana magari na bendera. Yeye aliacha shamba la kijiji linalozaa na sheria moja. Anayetaka kumcheka na acheke hapa hapa, kaburi bado li wazi.

Ameacha mama yake mzazi Laurentia, mjane Ursula, na watoto watatu: Stellamaris, Onesmo na Kristina, huyu mdogo aliyepewa jina la bibi wa mwarobaini. Ameacha wajomba, baba wadogo akiwamo Mashaka, na kijiji cha Magindu.

Kijiji hicho, waliotuletea habari wametuambia, kinakuja kumzika Meneja wake kwa trekta. Tela limefagiliwa, na Mwenyekiti atakaa mbele na dereva. Wajumbe, wafikishieni neno hili: karibuni sana. Wali upo, maji yapo, mchanga upo, kila mtu atupie wake. Ila mkimaliza, ndugu zangu, trekta lirudi tupu. Dereva ataliendesha polepole, nanyi mtalifuata nyuma kwa miguu, viatu mkononi, kwenye tope lile lile. Sheria ni yake, na leo hayupo wa kuifuta.

Pumzika, Kasiani. Homa imekwisha. Bwana akupe amani ambayo sisi tuliokuzunguka hatukukupa.