Mti wa Kumi na Mmoja: Maisha ya Mwalimu Immaculée Uyirwoth

Padri wetu, walimu, wazazi, majirani, na ninyi watoto wa darasa la tatu mliokaa hapa mbele, familia imenituma mimi Marcellin, mdogo wake, niwasomee maisha ya dada yetu, naye mwenyewe aliomba yasomwe polepole, ili hata watoto wafuate.

Mwalimu Immaculée Uyirwoth alizaliwa Mahagi-Port tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa baba mvuvi na mama mkulima, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi kwa masista, kisha shule ya ualimu, ambako alipata brevet yake, cheti cha ualimu, mwezi wa saba 1971. Alianza kufundisha Irumu Septemba hiyo, na mwaka 1976 akahamishiwa shule yetu hii ya mlimani juu ya Bunia, pembeni ya chemchemi ya mto Ngalu, akapewa darasa la tatu, na darasa la tatu hakuliacha tena.

Tarehe 28 Julai 1973 alifunga ndoa na Gustave, fundi mwashi, nao wakajaliwa watoto wanne, Michel, Stéphane, Brigitte na Philippe.

Wengi wenu mlipita mikononi mwake, mnakumbuka kazi ya Ijumaa, kushuka mtoni na kuinua mawe kumi, kuhesabu kaa waliokuwa chini yake, kuandika hesabu kwenye kaye, daftari la darasa, halafu kurudisha kila jiwe jinsi lilivyokuwa, maana alisema jiwe ni nyumba ya mtu. Kaye ya 1979 inaonyesha kaa ishirini na watatu, na maji yaliyofika magotini mwa mtoto.

Jumamosi tarehe 20 Oktoba 1984, siku ya Salongo, kazi ya lazima ya wote, shule ikihitaji kuni za kuchoma matofali na miti ya kuezekea, mwalimu alipeleka watoto thelathini na wanane kuzunguka chemchemi, kila mmoja akapanda kalitusi yake, akaipa jina lake mwenyewe, na Michel, aliyekuwa na miaka tisa, alipanda ya kwake bega kwa bega na rafiki yake Davy, mtoto wa Mama Régine, na Davy ndiye aliyeomba nafasi iliyo karibu kabisa na jicho la maji. Ilikuwa siku ya furaha, na dada yetu hakuwahi kuificha furaha hiyo, hata alipojua imezaa nini.

Vita vilipoingia Bunia mwezi wa tano 2003, alikimbia na familia kwa miguu hadi Beni, Gustave akafariki njiani kwa ugonjwa, Michel akabaki nyuma na hatukumwona tena. Aliporudi Machi 2005 alikuta miti imekuwa mirefu kuliko kanisa, ng'ombe wamekanyaga kingo zote, wachoma matofali wamechimba udongo hadi majini, na Ngalu unarukwa na mtoto bila kulowa. Ijumaa iliyofuata aliinua mawe kumi, akaandika sifuri.

Agronome Osée, bwana shamba wetu, alimweleza kwamba kila kalitusi inakunywa chemchemi mchana na usiku. Wenye ng'ombe na wachoma matofali alizungumza nao, wakasogea baada ya mwaka mmoja wa maneno mengi, lakini miti ilikuwa ya kwake, yeye ndiye aliyeipandisha. Januari 2007 aliwaita wanafunzi wake wa zamani, watu wazima sasa, kila mmoja akate mti wake na kung'oa kisiki, kwa kuwa kalitusi huchipua tena. Walikuja ishirini na saba. Kumi na mmoja, Michel na Davy wakiwemo, hawakuwa hai, naye akakataza mtu yeyote asiguse miti yao. Agronome alipomuuliza sababu, alijibu, "Najua inakunywa maji. Lakini majina haya niliyaita kila asubuhi, nitayafuta namna gani?"

Mwaka 2008 aliukata mti wa Michel kwa mkono wake, bila kutaka msaada, na ndipo akaanza kwenda kwa mama za wengine kuwaomba miti ikatwe, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka mitano, hata ukabaki mti wa Davy peke yake. Mama Régine, ambaye kila Jumapili alikaa chini ya mti huo, alimwambia maneno ambayo ameniruhusu niyasome leo, "Mwalimu, weye ulimwambia mutoto apande. Sasa weye unaniambia nikate. Siku gani ulikuwa unasema kweli?" Dada yetu akajibu, "Siku zote mbili, mama. Ile ya kwanza sikujua." Hakumwomba tena. Alikwenda tu Jumapili, wakakaa wawili chini ya mti uleule uliokuwa unawanyima maji.

Ugonjwa wa figo ulimshika Agosti 2014, na Oktoba, akiwa bado anaweza kutembea, alihesabu kaa wanne, akacheka kama msichana. Aliaga dunia Jumatatu tarehe 9 Februari 2015, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na tatu, akaacha watoto watatu na wajukuu tisa.

Jumanne Mama Régine alipanda mlimani na shoka begani, akaukata mti wa Davy, akakaa chini mpaka fundi seremala Vahwere alipofika kuupasua mbao. Sanduku hili limetoka humo. Ubao ni mbichi, bado unanukia, kwa hiyo wabebaji wasishangae uzito wake.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia miezi sita bila kuchoka, majirani mliolala nje nasi kwenye matanga, walimu wenzake, agronome Osée, fundi Vahwere, na wewe Mama Régine, ambaye kwako hatuna neno linalotosha.

Kesho ni Ijumaa, na darasa la tatu litashuka mtoni, hatujui litakuta nini. Pumzika kwa amani, mwalimu, kila jiwe tutalirudisha jinsi lilivyokuwa.